Chubwi ya Mshipi: Risasi ya Kumimina Mwenyewe, ya Dukani, Chuma au Saruji?

Bamvua, yale maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ikipita, wavuvi wa mshipi wa Mombasa huwa na malalamiko yale yale: mwamba umekula chubwi, kile kizito cha kuushusha mshipi mpaka chini. Anayetega ukingoni mwa tumbawe hurudi na mshipi mfupi kuliko aliotoka nao, na kesho yake anaanza kuuliza pa kupata nyingine. Hapo ndipo ushauri unapomiminika. Mmoja anamwambia anunue dukani, mwingine anamwambia akusanye risasi (yale madini laini mazito, si ya bunduki) kwa mafundi wa magurudumu ayeyushe mwenyewe, wa tatu anamwonyesha kipande cha nondo chenye tundu na kusema hicho kinatosha.

Nimezitumia zote, na msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukijua ninakoelekea. Kabla ya kuuliza chubwi ipi ni nzuri, jiulize itaishia wapi. Kuna chubwi ya kurudi na chubwi ya kupotea. Unapovua kwenye mchanga au kilindi kisicho na miamba, chubwi moja itakutumikia miezi na miezi, na risasi ina haki yake hapo. Unapovua juu ya mwamba, chubwi ni kitu cha kutoa sadaka, na risasi haifai kutolewa sadaka baharini. Pale chuma kinatosha, tena kinatosha vizuri kuliko watu wanavyodhani.

Maji yanapunguza nini

Watu hupima chubwi mkononi, kwenye nchi kavu, halafu wanashangaa ikifika chini haikai. Maji ya chumvi hukibeba kila kitu kwa kadiri ya ujazo wake, na vitu vinne hivi havina ujazo sawa. Chukua kilo moja ya kila kimoja:

| Kitu | Ujazo wa kilo moja | Uzito unaobaki ndani ya maji ya bahari |
|---|---|---|
| Risasi | sentimita za ujazo 88 | gramu 910 hivi |
| Chuma | sentimita za ujazo 127 | gramu 870 hivi |
| Saruji | sentimita za ujazo 420 hivi | gramu 570 hivi |

Jiwe nimeliacha nje ya jedwali kwa sababu mawe ya pwani hayafanani. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi na huelea nusu nzima ya uzito wake, ilhali kokoto nyeusi ya ujenzi ni nzito zaidi.

Tazama chuma sasa. Kwa uzito peke yake, kinapoteza kidogo sana mbele ya risasi. Chubwi ya risasi ya gramu 200 inashika chini sawasawa na ya chuma ya gramu 209. Tofauti ya gramu tisa hata mkono hauisikii. Saruji ndiyo inayoanguka: itabidi iwe na gramu 318 hivi, na umbo lake litakuwa kubwa zaidi ya mara saba kuliko lile la risasi.

Umbo ndilo jambo lenyewe. Mkondo hausukumi uzito, unasukuma uso wa kitu. Chubwi ya chuma yenye nguvu sawa na ya risasi ina ujazo wa mara moja na nusu, na uso wake unaokabili mkondo ni mpana kwa karibu theluthi moja. Wakati wa maji mafu, yale ya nusu mwezi yasiyopanda wala kushuka sana, theluthi hiyo huioni. Lakini hapa kwetu bamvua hupandisha na kushusha maji kwa zaidi ya mita tatu, na maji yote hayo hupita Mlango wa Nyali na Kilindini kuingia na kutoka kwenye vijito vya Tudor na Port Reitz. Saa ya maji kukimbia, theluthi hiyo ndiyo inayoinua chubwi yako kutoka chini na kuitembeza mpaka kwenye mshipi wa jirani.

Ufukweni niliwahi kumsikia kijana akimwuliza mzee mmoja aliyekuwa akipanga ndoana: "Mzee, hii ya nondo itanishikia kweli?" Mzee aliipima mkononi, akaigeuza. "Maji mafu itakushikia, mwanangu. Bamvua itakutembeza." Hesabu yote niliyoandika hapo juu imo ndani ya jibu lile.

Chuma: nondo, nati na plagi

Nondo ni chubwi ya mtu anayejua hesabu, kwa sababu uzito wake unajulikana kwa urefu. Nondo ya milimita 10 ina gramu 62 kwa kila sentimita 10. Ya milimita 12 ina gramu 89, na ya milimita 16 ina gramu 158. Huhitaji mizani. Ukitaka gramu 200 na ushei, kata sentimita 13 za nondo ya milimita 16, umemaliza. Kwenye mjengo wowote vipande vifupi hutupwa kwa wauza vyuma chakavu, na huko unanunua kwa kilo.

Mimi hupendelea nondo ya 12 iliyo ndefu kuliko ya 16 iliyo fupi pale ninapovua mwambani. Chubwi ndefu nyembamba hupita kati ya matumbawe pale ambapo iliyonenepa hunasa. Kasoro ya nondo ni ule mkato. Msumeno huacha makali, na makali hayo yakigusa nailoni mara kadhaa yanaikata. Usugue mkato huo kwa tupa mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa, mwambie fundi wa kuchomelea akutie pete ya waya mnene ncha moja, na usiufunge mshipi moja kwa moja kwenye tundu lililotobolewa. Kutu utaipata tu. Kutu yenyewe si hasara kubwa, ila vigamba vyake ni vikali. Rangi ya mafuta mara moja, au kuipaka grisi kabla ya kuihifadhi, inasaidia.

Nati kubwa ni nzuri kwa mwanzo: ya M16 ina gramu 33 hivi, ya M20 gramu 64 hivi, na unaweza kutunga mbili tatu kwenye waya mmoja, ukaongeza au kupunguza kulingana na maji. Plagi zilizokufa za pikipiki na tuktuk ni bora zaidi kwa mshipi mwepesi. Mji una bodaboda na tuktuk kila kona na mafundi huzitupa kwenye kopo. Plagi ina shingo ya kufungia, ni ndefu, na haikuudhi ikipotea. Angalia tu kwamba kauri yake haijapasuka, kwa sababu kauri iliyovunjika inakata kuliko kutu.

Saruji na jiwe

Hizi sizimalizi maneno. Saruji ni ya malema (mitego ya samaki), ya nyavu na ya kushikia boya. Kwa mshipi wa mkono ni kubwa mno, mkondo unaibeba. Ukiimimina kwa ajili ya lema, tumia sehemu moja ya saruji kwa mbili za mchanga uliooshwa kwa maji yasiyo na chumvi, si mchanga wa ufukweni wenye chumvi, zamisha waya wa kufungia kabla haijashika, kisha iache ndani ya maji wiki nzima iive.

Jiwe lina kazi moja ambayo hakuna kitu kingine kinaifanya vizuri hivyo: jiwe la kuachia. Unalizungusha mshipi pamoja na chambo kwa fundo la kuteleza, unalishusha mpaka kina unachotaka, unavuta kwa ghafla, jiwe linatoka na chambo kinabaki kikielea peke yake, hakina kitu cha kumtisha samaki. Kwa kazi hiyo chukua kokoto nyeusi. Usibomoe tumbawe kupata jiwe, kwa sababu unavunja nyumba ya changu na chewa unaokwenda kuwavua.

Risasi ya dukani

Faida ya kununua si ile ya risasi yenyewe tu. Unapata maumbo: piramidi inayojikita kwenye mchanga, yai lenye tundu ambalo mshipi hupita huru na samaki akidokoa husikii uzito wa chubwi bali unamsikia yeye, bapa isiyobiringika mkondoni. Uzito umepigwa chapa. Tundu ni laini. Na zaidi ya yote, hukuyeyusha kitu nyumbani kwako.

Kasoro ni bei, na kwamba kila inayopotea inauma mfukoni na inabaki baharini. Risasi haiozi kule chini. Uingereza ilipiga marufuku mwaka 1987 uuzaji wa vichubwi vidogo vya risasi, kuanzia gramu 0.06 mpaka 28.35, kwa sababu mabata maji wakubwa walikuwa wakivimeza pamoja na changarawe na kufa kwa sumu. Sisi tuna ndege wetu wa vijito na mikoko wanaochokora matope ya maji yakitoka. Kwa hiyo vile vidogo kabisa, vya kubana kwenye mshipi mwembamba, ningekushauri uviache hata kama ni rahisi. Na kama unavyo, usivibane kwa meno. Nimeona watu wazima wakifanya hivyo, na watoto wao wakiwatazama na kuiga. Tumia koleo.

Risasi ya kumimina mwenyewe

Hapa ndipo penye maneno mengi, kwa sababu kumimina kuna raha yake na kuna hatari ambayo mji huu unaijua kwa jina. Pale Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kilianza kazi mwaka 2007 na kikafungwa 2014, na watu wa mtaa ule walibaki na risasi kwenye damu na kwenye udongo wa milango yao. Phyllis Omido aligundua kwamba mwanawe mchanga ana sumu hiyo, akapigania mtaa mzima, akapewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Kiwanda si sufuria moja ya mvuvi, najua. Lakini madini ni yale yale, na mwili wa mtoto ni ule ule. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo hufyonza mara nne mpaka tano ya kile anachofyonza mtu mzima kutoka chanzo kimoja.

Kwa hiyo jambo la kwanza: betri usiiguse. Risasi ya betri imechanganyika na asidi na madini mengine, takataka zake zinatoa hewa ya sumu zikilowa, na hakuna chubwi inayostahili hilo. Ukikuta mtu anauza vipande vya kijivu visivyojulikana vilikotoka, mwache navyo.

Risasi inayofaa ni ile laini ya mabomba ya zamani, maganda ya nyaya za umeme za kale, mabati ya risasi, na chubwi kongwe za nyavu. Inaingia ukucha na inakunjika kwa mkono. Zile za balansi, yaani vizito vya kusawazisha magurudumu ya magari, zinatumika pia, ila ni ngumu kidogo kwa sababu ya antimoni, na siku hizi nyingi si risasi kabisa, ni zinki au chuma. Nyingine zimepigwa chapa Zn au Fe. Isiyo na chapa, ijaribu kwa koleo: risasi inaumwa na kubaki na alama ya kina, zinki inagoma.

Kwa wavuvi ugumu huo si faida wala hasara kubwa. Wanaoutafuta ni wawindaji wa Marekani wanaomimina wenyewe vichwa vya risasi za bunduki zao. Wao huongeza bati na antimoni makusudi, kwa kuwa kichwa laini kikisukumwa kwa kasi huacha madini ya risasi yamejipaka ndani ya mtutu. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na kinachomiminwa hapa huenda baharini. Hata hivyo wale jamaa wameandika na kujaribu sana juu ya kumimina, na mambo mawili yao nimeyaona kwa macho yangu kuwa kweli kwenye chubwi. Kalibu, yaani chombo cha kumiminia, ikiwa baridi, chubwi hutoka na makunyanzi. Ikiwa moto kupita kiasi, hutoka na ukungu mweupe juu yake badala ya kung'aa. Vilevile masizi ya mshumaa yakipakwa ndani ya kalibu ya chuma au alumini, risasi hujaa vizuri na kutoka bila kung'ang'ania.

Risasi safi huyeyuka nyuzi 327 za Selsiasi. Zinki huyeyuka nyuzi 419. Moto ukiwa wa kadiri, zinki iliyopenya kwa bahati mbaya itaelea bado ngumu na utaiopoa kwa kijiko cha chuma pamoja na vibanio vya zile balansi. Ngozi ya juu ya risasi ndiyo kipimajoto chako. Ikiwa imeyeyuka sawasawa, ukisukuma takataka pembeni uso wake unang'aa fedha tupu. Ikianza kugeuka rangi ya dhahabu, kisha zambarau na buluu, umeipita. Punguza makaa mara moja, kwa sababu kadiri joto linavyopanda ndivyo mvuke na vumbi lake vinavyozidi.

Sasa sufuria. Sufuria zetu nyingi za nyumbani ni za alumini, na alumini huyeyuka nyuzi 660. Jiko la makaa likipulizwa na upepo wa kusi linapita hapo bila shida, na hata kabla ya kuyeyuka, sufuria inalegea ikiwa imebeba kilo kadhaa za risasi ya moto. Tumia chungu cha chuma kizito chenye kitako kipana, na kikishaingia kazi hiyo kisirudi jikoni milele, wala kijiko chake.

Maji ndiyo adui mkubwa zaidi wa papo hapo. Tone moja likinaswa chini ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke na kutanuka zaidi ya mara elfu moja na mia sita, na risasi yote iliyo juu yake inaruka usoni kwako. Ndiyo sababu siupendi kabisa ule mtindo wa kubonyeza kijiko kwenye mchanga wenye unyevu wa ufukweni na kumimina humo. Watu wamefanya miaka mingi, ndiyo, na waliounguzwa macho pia wapo. Kalibu ya plasta lazima ikaushwe kwa moto mdogo mpaka isitoe mvuke wowote. Vipande vipya vya risasi vipashwe joto ukingoni mwa chungu kabla ya kuingia. Hewa ya Mombasa ina unyevu mwaka mzima, hivyo chuma kilicholala usiku nje usikiamini kuwa kikavu kwa kukitazama.

Mahali ni nje, upepo ukitokea mgongoni mwako, mbali na nguo zilizoanikwa, mbali na kisima. Uani kwa nyumba za Mji wa Kale hapafai: kuta zimekaribiana, moshi haupiti, na watoto wako mlango wa pili. Mjamzito asikaribie. Vaa viatu vya kufunika, suruali ndefu, miwani na glavu za ngozi. Usile, usivute sigara, usitafune muguka mkono ukiwa kazini, kwa sababu risasi huingia mwilini zaidi kwa mdomo kuliko kwa pua kwenye kazi ndogo kama hii. Ukimaliza, osha mikono kwa sabuni, badilisha nguo hapo hapo, zifuliwe peke yake. Takataka ya juu ya chungu, ule unga wa kijivu na njano, ndiyo hatari kuliko risasi yenyewe. Itie kwenye mkebe wenye kifuniko na uirudishe kwa mnunuzi wa risasi chakavu. Isimwagwe mtaroni wala baharini.

Ukiyasoma yote hayo na ukaona ni mengi kwa ajili ya chubwi kumi, umeona sawa. Kumimina kunaleta maana pale wavuvi wa chombo kizima au wa bandari moja ya mitumbwi wanapomwachia mtu mmoja mwenye vifaa na mahali, amimine kwa wote mara chache kwa mwaka, kabla ya kaskazi kufungua bahari. Hapo gharama inashuka kweli, maumbo yanakuwa ya kupatana na maji yenu, na nyumba moja tu ndiyo inayobeba tahadhari badala ya nyumba ishirini zisizo na tahadhari yoyote.

Basi uchukue ipi?

Anayevua ufukweni au juu ya mwamba, mshipi wa mkono, maji mafu: nondo, nati au plagi. Nunua kilo chache za chuma chakavu, usiwaze zaidi. Anayevua kilindini kwenye mchanga, au anayeshikilia chini wakati wa bamvua: risasi, na nunua zilizotengenezwa mpaka umpate mmiminaji wa kuaminika. Mwenye lema: saruji. Mwenye kufuata jodari na nguru juu juu wala hahitaji makala hii, chambo chake hakina haja ya kufika chini.

Na chubwi yoyote utakayochagua, usiifunge kwa mshipi mkuu. Ukiwa na nailoni inayohimili kilo 30, funga chubwi kwa kipande cha nailoni ya kilo 8 au 10, urefu wa shibiri, kwenye pete iliyo chini ya ndoana. Mwamba ukishika, unazungusha mshipi kwenye kijiti usijikate kiganja, unavuta taratibu mpaka kile kipande chembamba kikatike, na ndoana zako pamoja na samaki aliyekwisha kunasa vinapanda.